Vipimo vya Glakoma Bila Maelezo ni Kiinimacho

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapofika, mataifa mengi ulimwenguni, Kenya ikiwa mojawapo, huadhimisha wiki ya glakoma. Mabango hutundikwa, hotuba hutolewa, na wananchi huhimizwa wajitokeze wakapimwe macho. Wito huo ni mwema na sina nia ya kuubeza. Hata hivyo, lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa katika maadhimisho hayo: mwananchi akishapimwa, huambiwa nini, kwa lugha gani, na yeye huelewa nini?

Mimi si daktari. Taaluma yangu ni isimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha vijana jinsi maneno yanavyobeba maana na jinsi yanavyoipoteza njiani. Lakini kadiri ninavyolitafakari suala hili la vipimo vya macho, ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba ni suala la lugha kama lilivyo suala la tiba, na kwamba gharama ya kulipuuza ni upofu usio na dawa.

Hebu tuanze na maradhi yenyewe. Nyuma ya jicho kuna neva inayozichukua habari za mwanga na kuzifikisha kwenye ubongo. Neva hiyo ni mfano wa kamba iliyosokotwa kwa nyuzi zipatazo milioni moja. Glakoma huziua nyuzi hizo kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, na uzi uliokufa haufufuki. Hapo ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho hupasuliwa, akawekewa lenzi mpya, na aghalabu nuru yake humrudia. Mwenye glakoma hutibiwa ili kilichobaki kisipotee. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Wala maradhi haya si ya mbali nasi. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma nchini Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Takriban wanne katika kila mia walipatikana na glakoma. Kote ulimwenguni, wataalamu walikadiria kwamba kufikia mwaka wa 2020 wagonjwa wangekuwa milioni 76. Inajulikana pia kwamba watu wenye asili ya Kiafrika huathirika zaidi kuliko wale wenye asili ya Kizungu, na kwamba aliye na mzazi, kaka au dada mwenye glakoma yumo katika hatari kubwa zaidi.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Glakoma ya aina iliyoenea kwetu ni mvua isiyokuwa na mawingu. Haiumi, haiwashi, wala haimwekundishi mtu macho. Huanza kuula uwezo wa kuona pembeni, ilhali katikati pakabaki pazima. Mwalimu anaweza kusahihisha insha arobaini usiku, akasoma hata mwandiko wa kuku wa mwanafunzi mzembe, na papo hapo akawa ameanza kuwa kipofu. Kesho yake darasani, mkono ulioinuliwa pembeni mwa dirisha haumfikii machoni; wanafunzi hudhani anawabagua. Na kwa kuwa jicho moja hulifichia jingine aibu, yeye mwenyewe hana habari. Ndiyo sababu mtu anayeisoma mistari yote ya ubao wa herufi, hata ule wa mwisho, hajathibitisha kwamba hana glakoma. Amethibitisha tu kwamba katikati ya macho yake pangali pazuri.

Maadamu maradhi hayahisiki, hayajulikani ila kwa kupimwa. Na hapa ndipo matatizo ya lugha yanapoanza.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliwahi kunionyesha karatasi aliyopewa katika kliniki moja ya macho. Ilikuwa na tarakimu tupu. Pameandikwa 18 kwa jicho la kulia na 19 kwa la kushoto. Chini yake pana herufi C na D zilizotenganishwa kwa mkwaju, na mbele yake 0.8 na 0.6. Tena pana 495 na 498. Nilipomuuliza aliambiwa nini, alinijibu kwa furaha kwamba aliambiwa presha ya macho iko sawa. Akaongeza kwamba hakushangaa, kwa kuwa yeye hunywa vidonge vyake vya presha kila asubuhi bila kukosa.

Msomaji na atazame kwa makini sentensi hiyo moja: "Presha ya macho iko sawa." Imebeba makosa mawili, na hakuna hata moja lililo la mzee huyo.

Kosa la kwanza limo katika neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, presha ni ugonjwa. Ni lile shinikizo la damu linalowasumbua wazee wetu. Hatusemi kwamba kila mtu ana presha, ijapokuwa kila aliye hai ana shinikizo la damu. Tunaposema fulani ana presha, tumesema anaugua. Basi msikilizaji anapoambiwa "presha ya macho", huchukua maana anayoijua na kuihamishia machoni. Hudhani ni ugonjwa uleule uliopanda juu, na kwamba dawa ya huku itatibu kule. Kumbe shinikizo la jicho ni jambo jingine kabisa. Ndani ya jicho hutengenezwa majimaji yanayoingia na kutoka kupitia vinjia vidogo. Yakishindwa kutoka vizuri, shinikizo hupanda. Mtu anaweza kuwa na shinikizo la damu lililodhibitiwa barabara na huku la jicho likawa juu. Mimi ningependelea tuseme "shinikizo la jicho" na tuliache neno presha kwa damu. Si kwa sababu ya kuchukia maneno ya kukopa, bali kwa sababu neno hili limeshapata kazi nyingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kukifanya kipimo kimoja kuwa hukumu. Shinikizo la jicho hupimwa kwa milimita za zebaki, na vitabu husema kwamba la kawaida ni baina ya 10 na 21. Kwa hiyo 18 na 19 zimo ndani ya mipaka. Lakini mipaka hiyo ilitoka wapi? Haikuchongwa kwenye jiwe. Ilipatikana kwa kuwapima watu wengi, kutafuta wastani, na kuweka alama mahali ambapo wengi wao huishia. Ni mstari wa takwimu, si ukuta baina ya uzima na maradhi. Wako watu ambao shinikizo lao ni 24 kwa miaka mingi na neva zao zi salama. Wako wengine ambao shinikizo lao halijapata kuvuka 21 na hali neva zinakufa. Utafiti mmoja mashuhuri uliochapishwa mwaka wa 1998 ulionyesha kwamba hata kwa wagonjwa hao wa kundi la pili, kulipunguza shinikizo kwa asilimia 30 husaidia kupunguza mwendo wa maradhi. Yaani kiwango kilicho "sawa" kwa mwingine chaweza kuwa kikubwa mno kwa huyu.

Isitoshe, tarakimu hiyo ya shinikizo haisomeki peke yake. Kila mwendesha baiskeli mjini Kakamega anajua kupima upepo wa gurudumu kwa kulibonyeza kwa kidole gumba. Anajua vilevile kwamba mpira mnene huhisi mgumu hata upepo ukiwa haba, na mpira uliochakaa hubonyea upesi hata ukiwa umejaa. Chombo cha kupimia shinikizo la jicho hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mswisi Hans Goldmann, ambaye chombo chake cha miaka ya 1950 bado ndicho kigezo cha vyombo vingine, alikokotoa nguvu inayohitajika kulisawazisha duara dogo lenye kipenyo cha milimita 3.06 juu ya konea, kile kioo kilicho mbele ya jicho. Hesabu yake iliuchukulia unene wa konea kuwa kama nusu milimita, karibu sawa kwa watu wote. Baadaye ikabainika kwamba watu hawako sawa.

Huo ndio umuhimu wa zile 495 na 498 katika karatasi ya jirani yangu. Ni unene wa konea, uliopimwa kwa maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Wastani kwa watu wengi ni kama 540. Konea yake ni nyembamba. Ni ule mpira uliochakaa. Chombo kiliposema 18, huenda shinikizo lenyewe lilikuwa juu ya hapo. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliowafuatilia watu 1,636 wenye shinikizo la juu la jicho, na kutoa matokeo mwaka wa 2002, uligundua kwamba wembamba wa konea ni miongoni mwa ishara kuu za nani atakayepata glakoma. Uligundua pia kwamba washiriki wenye asili ya Kiafrika walikuwa, kwa wastani, na konea nyembamba kuliko wenzao. Jambo hili latuhusu sisi moja kwa moja.

Sasa tuzigeukie zile herufi C na D. Mahali ambapo neva hutokea nyuma ya jicho huonekana kama kisahani cha duara, na katikati yake pana bonde linaloitwa kikombe. Daktari hulinganisha upana wa kikombe na upana wa kisahani. Aghalabu kikombe huchukua kama tatu katika kumi za kisahani, yaani 0.3. Nyuzi za neva zinapokufa, ukingo hupungua na kikombe hupanuka. Kiwango cha 0.7 na zaidi hutia shaka, na tofauti ya 0.2 baina ya jicho moja na jingine hutia shaka vilevile. Mzee wangu alikuwa na 0.8 na 0.6. Kweli, uangalifu unahitajika hapa pia, kwa kuwa kisahani kikubwa huwa na kikombe kikubwa hata kwa mtu mzima wa afya, na watu wenye asili ya Kiafrika huwa na visahani vikubwa zaidi kwa wastani. Kwa hiyo 0.8 peke yake si hukumu ya glakoma. Lakini 0.8 kwa jicho moja, 0.6 kwa la pili, na konea nyembamba, ni kengele inayopigwa kwa nguvu. Na kengele hiyo ilifunikwa kwa maneno matano: presha ya macho iko sawa.

Nilimsihi arejee hospitalini akaulize juu ya kipimo kilichokosekana kwenye karatasi yake, ambacho ndicho ninachokiona kuwa kiini cha hoja yangu: kipimo cha eneo la kuona. Mgonjwa huketi mbele ya chombo kilicho kama bakuli, jicho moja limefunikwa, akatazama alama moja katikati. Vimulimuli vidogo huwaka hapa na pale, vingine hafifu mno, naye hubonyeza kitufe kila anapohisi ameona kimoja. Mwishoni chombo huchora ramani ya alichokiona na asichokiona, na kutoa tarakimu katika desibeli. Anayeona vyema hukaribia sufuri. Kadiri hasara inavyozidi, ndivyo tarakimu inavyoteremka chini ya sufuri. Hiki ndicho kipimo kinachosema maradhi yamemla mtu kiasi gani katika maisha yake.

Lakini tazama jinsi kipimo hiki kinavyotegemea maneno. Shinikizo la jicho hupimwa hata kwa mtu aliyenyamaza. Unene wa konea haumhitaji mgonjwa kuelewa lolote. Eneo la kuona hupimwa kwa njia ya maagizo: tazama katikati tu, usikifuate kimulimuli kwa macho, bonyeza hata ukiona mwanga hafifu, usione aibu kwa kuwa hakuna mtu anayeviona vyote, ukichoka sema tupumzike. Mgonjwa asiyeyaelewa maagizo haya atavifukuza vimulimuli kwa macho kama mtoto anayefukuza panzi. Au atasubiri awe na hakika kabisa ndipo abonyeze, na chombo kitamhesabu kipofu mahali anapoona. Ramani itakayotoka haitakuwa ramani ya macho yake. Itakuwa ramani ya kutoelewana baina yake na mhudumu.

Katika eneo letu la magharibi mwa Kenya tatizo hili lina sura ya pekee. Bibi wa kijijini huenda asijue Kiingereza, na Kiswahili chake kikawa cha sokoni. Hata neno la Kiswahili linaloonekana jepesi laweza kumpoteza. Kwa Mswahili, mboni ni kile kiini cha jicho. Kwa Mbukusu, neno lenye asili moja na hilo, "emoni", ni jicho zima. Mlogooli naye husema "imoni". Mhudumu akimwambia bibi huyo habari za mboni yake, kila mmoja ataondoka na picha yake. Hayo si mambo ya kuchekesha wanaisimu kwenye makongamano. Ni mambo yanayoingia ndani ya kipimo na kukiharibu.

Najua majibu nitakayopewa. Kwanza, nitaambiwa kwamba foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Hakuna wakati wa mihadhara. Nakubali kwamba ni wachache. Lakini maagizo yaliyotungwa vizuri, yakarekodiwa kwa sauti katika Kiswahili na lahaja za Kiluhya, hayamhitaji daktari hata kidogo. Mgonjwa anaweza kuyasikiliza akiwa kwenye hiyo hiyo foleni. Na kipimo kilichoharibika hurudiwa. Je, hapo wakati umeokolewa au umepotezwa?

Pili, nitaambiwa kwamba vyombo ni ghali na si kila kituo kinavyo. Hilo nalo ni kweli. Basi na lisemwe waziwazi. Kuna umbali mkubwa baina ya kumwambia mtu "hatukupima eneo lako la kuona kwa kuwa hatuna chombo, nenda mahali fulani" na kumwambia "uko sawa". Kutopimwa si sawa na kutokuwa na ugonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali ya afya yake na njia za uchunguzi na tiba zilizopo. Nami nauliza kama mwanaisimu: je, aliyeambiwa kwa maneno asiyoyaelewa, ameelezwa?

Tatu, wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. La hasha! Katika makala haya nimetaja konea, neva, shinikizo, kisahani, kikombe na eneo la kuona, na sidhani kwamba msomaji amekwama. Kinachokosekana ni nia ya kuyatumia.

Kwa bahati njema, Kakamega ina nyenzo ambazo miji mingine haina. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kinafunza optometria, na vijana wanaohitimu hapo ndio watakaoketi na wagonjwa wetu. Katika kaunti jirani ya Vihiga iko Hospitali ya Macho ya Sabatia. Itakuwa jambo la busara idara zinazofundisha lugha na zile zinazofundisha elimu ya macho zikikaa meza moja, zikatunga maagizo ya vipimo pamoja na kadi moja ya mgonjwa yenye mistari mitano: shinikizo, unene wa konea, kikombe na kisahani, eneo la kuona, na neno la mwisho linalosema kwa Kiswahili sanifu nini kifanywe na lini. Kadi hiyo ibaki mikononi mwa mgonjwa. Hakuna mwalimu anayemhukumu mwanafunzi kwa mtihani mmoja. Humfuatilia muhula hadi muhula. Glakoma nayo haijulikani vyema kwa tarakimu za siku moja, kwa kuwa hata shinikizo lenyewe hupanda na kushuka mchana na usiku. Hujulikana kwa kulinganisha za leo na za mwaka jana. Karatasi iliyotupwa ni ushahidi uliotupwa.

Nisije nikaonekana kama mtu anayetangaza maafa tu. Glakoma iliyogunduliwa mapema hudhibitiwa. Utafiti wa Uswidi ulioanza kutoa matokeo mwaka wa 2002 ulikadiria kwamba kila milimita moja ya zebaki inayopunguzwa huteremsha hatari ya maradhi kusonga mbele kwa kama asilimia 10. Hapa Afrika Mashariki, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti walilinganisha matone ya timolol na tiba ya miale ya leza, na mwaka wa 2021 wakachapisha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 na matone kwa asilimia 31. Kwa hiyo dawa ipo, na ushahidi wake umepatikana kwa watu kama sisi. Lakini hakuna tiba inayomfikia mtu aliyerudishwa nyumbani akiamini kuwa ni mzima.

Walimu wenzangu mliovuka miaka 40, msiridhike na ubao wa herufi. Ulizeni juu ya vipimo vyote vinne, na mkijibiwa kwa neno "sawa", ulizeni ni kipi kilicho sawa na ni kipi ambacho hakikupimwa. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizoni, ulizeni kama babu au nyanya aliyepofuka "kwa uzee" aliwahi kupimwa neva ya jicho. Jibu lake linawahusu wazazi wenu, na siku moja litawahusu ninyi wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na kwa maradhi haya, ukuta wenyewe haujengeki tena.